Sauti Isibanwe Chanzoni

Apitaye Gakoromone siku ya soko hana budi kuvisikia vipaza sauti vya wachuuzi. Mwenye mitumba amerekodi sauti yake, akaifungulia hadi mwisho, kisha akakaa kimya huku chombo kikirudia bei ile ile tangu asubuhi. Sauti ni kubwa, lakini maneno hayashikiki. Mteja huambulia mkwaruzo tu, na mwishowe humwendea mwenye bidhaa amuulize kwa mdomo. Hilo la sokoni tumelizoea. Linalonitia wasiwasi ni kwamba kosa la ukoo huo huo, yaani kudhani kuwa sauti kubwa ndiyo sauti inayosikika, limeingia katika vyumba vyetu vya masomo.

Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka wa 2019, umeipa stadi ya Kusikiliza na Kuzungumza nafasi yake kamili katika somo la Kiswahili. Mwaka uliofuata, shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, wengi wetu tulitambua jinsi somo linavyoweza kufika kwa sauti peke yake. Tangu hapo shule kadha zimejipatia kompyuta, amplifaya ndogo ya kugawa sauti, na hedifoni nne au sita ili kundi la wanafunzi lisikilize hadithi moja kwa pamoja bila kulisumbua darasa jirani. Mpango huo ni mzuri, nao hauhitaji fedha nyingi. Ila sasa sauti ina milango miwili: mmoja katika kompyuta, mwingine katika amplifaya. Swali ni upi ufunguliwe na upi ubanwe.

Aghalabu mwalimu, kwa nia njema ya kuyalinda masikio ya watoto, huishusha sauti ya kompyuta hadi robo. Wanafunzi wasiposikia, kila mmoja hukizungusha kidude cha amplifaya upande wake hadi mwisho. Sasa wanasikia, lakini wanasikia na mvumo kama wa mvua kwenye bati, na herufi nyepesi kama s, f na th zinamezwa humo. Mtoto akiulizwa kama alisikia "dhamana" au "thamani" hubahatisha. Tunaandika katika daftari kwamba hana makini!

Mkulima wa Imenti aliyevuta maji kwa bomba kutoka mito ya Mlima Kenya anaweza kulieleza jambo hili kuliko fundi wa mitambo. Tuseme bomba lake lina ufa mahali fulani njiani, nao unaingiza tope kiasi kile kile kila saa. Akifungua vyema kule juu kwenye chanzo, maji ni mengi na tope halionekani. Akibana chanzo, maji yanayofika shambani ni kidogo, na tope ni lile lile. Hata akitia pampu shambani ili kuongeza nguvu, pampu haijui kutenga maji na tope. Ndivyo ilivyo amplifaya. Waya unaotoka kwenye kompyuta huokota mvumo wa umeme, na amplifaya yenyewe ina mvumo wake. Sauti ikifika pale ikiwa dhaifu, vyote hukuzwa pamoja. Ikifika ikiwa na nguvu, amplifaya haihitaji kujitahidi sana na mvumo hubaki chini.

Wapo wanaotaja sababu nyingine, kwamba kupunguza sauti ndani ya kompyuta huila sauti yenyewe. Ni kweli kwa kiasi. Sauti iliyorekodiwa kwa biti 16 ina ngazi 65,536, na kila desibeli 6 zinazopunguzwa hula takriban biti moja. Punguza desibeli 24, na zimebaki ngazi 4,096. Hata hivyo, kompyuta nyingi za siku hizi zaweza kutoa sauti kwa biti 24, hivyo zina akiba ya kutosha. Sioni haja ya kumtisha mwalimu kwa hesabu hiyo. Mvumo wa waya na wa amplifaya ya bei nafuu ndio adui mkubwa zaidi.

Pana hatari nyingine iliyo kubwa kuliko mvumo. Chumba kikiwa na hedifoni sita ambazo vidude vyake vyote viko mwisho, na kompyuta ikiwa robo, usalama wa masikio kumi na mawili unategemea kidole cha mtu mmoja. Mwanafunzi akigusa kibodi bila kukusudia, au mwalimu wa kipindi kifuatacho akapandisha sauti ya kompyuta asijue hali ya amplifaya, mlio unayapiga masikio yote kwa mara moja. Kwa hiyo ile desturi inayodhaniwa kuwa ya tahadhari ndiyo inayoutega mtego.

Utaratibu ufaao ni huu. Kabla ya yote vidude vya amplifaya vishushwe kabisa, na hedifoni ziwe mezani, si kichwani. Kompyuta ifunguliwe karibu yote; programu ya kuchezea sauti iwe 100, isipite hapo, maana ziko programu zinazokubali kupita, na ng'ambo ya 100 sauti huanza kupasuka kama ile ya mchuuzi wetu. Ikiwa kompyuta ni duni na inakwaruza ikiwa mwisho, irudishwe hadi 80 au 90. Kisha ichezwe sehemu yenye sauti kubwa zaidi katika rekodi, si ile ya mnong'ono, na kila msikilizaji apandishe kidude chake polepole hadi maneno yawe wazi. Atakapoweza kumsikia jirani akimwita kwa sauti ya kawaida, amefika. Amplifaya yenye swichi ya nguvu ndogo na kubwa iwekwe kwenye ndogo.

Niongeze neno juu ya vitabu vya maelekezo, kwa kuwa huandikwa kwa Kiingereza. Vinapenda kueleza mahali pa kidude kwa saa ya ukutani. Mzungu husema "saa tisa" akimaanisha mshale ulioelekea tarakimu 9, upande wa kushoto, ambako sauti bado ni ndogo. Kwetu sisi wakati huo ni saa tatu. Mwalimu akitafsiri sawasawa kwa Kiswahili, mwanafunzi atakipeleka kidude kwenye tarakimu 3, upande wa kulia, na kuyapiga masikio yake. Afadhali kutia alama ya rangi kwenye chombo.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka wa 2015 kwamba vijana bilioni 1.1 wamo hatarini kwa sababu ya kusikiliza visivyo. Kipimo chake kwa mtu mzima ni desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kwa watoto desibeli 75. Kila desibeli 3 zikiongezeka, muda hukatwa nusu: kwa desibeli 83 zimebaki saa 20, kwa 86 saa 10. Shule iliyo karibu na soko inapaswa kuwa macho zaidi, kwa sababu kelele za nje humshawishi mtoto apandishe sauti ili ashindane nazo. Huko zinafaa hedifoni zinazofunika sikio lote. Tunazo Kanuni za 2009 za kudhibiti kelele, na mchuuzi wa kipaza sauti anaweza kushtakiwa kwazo. Lakini hakuna mkaguzi atakayeingia ndani ya hedifoni ya mtoto wa darasa la tano. Kazi hiyo ni ya mwalimu aliyemo chumbani.

Ndiyo maana siridhiki tunapoambiwa tumngoje fundi. Serikali ilipopeleka vishikwambi kwa darasa la kwanza kuanzia 2016, mjadala ulikuwa juu ya idadi, umeme na wezi. Mambo madogo ya matumizi hayakuzungumzwa sana, na hadi leo mwalimu hujifunza kwa kubahatisha. Kikao kimoja cha saa moja chatosha kwa hili, na wanafunzi wa vidato vya juu waweza kuwafundisha wenzao. Aidha kila kundi liwe na mmoja ambaye, kengele ya mwisho ikilia, hushusha vidude vyote hadi sufuri kabla ya kuzima umeme, maana wanaoingia baada yao hawajui waliotangulia waliviacha wapi.