Mfuko wa Kaki na Lawama Zake

Tangu Novemba 15, 2022, Qatar ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kutumika mara moja, barazani kwenye chai ya karak hapa Doha hakosekani mtu wa kuulaumu mfuko wa karatasi ya kaki. Wakenya walianza 2017, Watanzania 2019, na lawama hazijabadilika.

"Karatasi ni ya kufungia maandazi tu." Aliyesema hivyo ni fundi ujenzi, na amebeba saruji ya kilo 50 ndani ya karatasi mara zisizo na idadi. Kiwanda cha karatasi cha Mgololo, kule Mufindi, Tanzania, hutengeneza karatasi ya aina hiyo kwa misonobari, kwa sababu nyuzi zake zina urefu wa karibu milimita 3. Za mkaratusi ni kama 1 tu. Lakini urefu peke yake hautoshi. Nyuzi husagwa ndani ya maji hadi ngozi yake itoke vinyweleo, na vinyweleo hivyo ndivyo vinavyoshikana zikikauka. Ukisaga kidogo, hazishikani. Ukizidisha, zinakatika na karatasi inachanika upesi. Mfuko mbovu mara nyingi umeharibikia hapo, mti hauna kosa.

"Doha imejaa mitende, tusage makuti yake." Hoja hii naipenda, na rojo ya karatasi hupatikana kweli kwenye makuti ya mtende. Ila nyuzi zake ni fupi, zinataka kuchanganywa na ndefu. Halafu kuna maji. Maji ya kunywa ya Qatar karibu yote ni ya bahari, yameondolewa chumvi kwa nishati ya gesi, na kiwanda cha rojo kina kiu kubwa. Kiwanda cha Pan Paper cha Webuye, Kenya, hakikujengwa kando ya mto Nzoia kwa ajili ya mandhari.

"Basi tuirejeleze karatasi ileile milele." Haiwezekani. Kila mzunguko nyuzi hufupika na kukakamaa, zikapoteza uwezo wa kunywa maji na kushikana. Lazima mpya ziongezwe.

"Karatasi ya mti haidumu, tazama miswada ya kale ya Maktaba ya Taifa ya Qatar." Miswada mingi ya zamani ni ya matambara ya kitani na pamba, kweli. Lakini kilichoyala magazeti ya karne ya 19 ni asidi ya shabu iliyotiwa kiwandani, pamoja na lignini ambayo haikuondolewa. Kiwango cha kimataifa cha karatasi ya kudumu, ISO 9706 cha 1994, hakidai matambara.

Lawama moja siipingi: mfuko ukilowa. Maji huachanisha nyuzi zilezile zilizoshikana kwa kukauka. Ipo gundi ya kuzuia hilo, ila mfuko uliotiwa gundi hiyo ni taabu kuusaga upya. Kwa hiyo nguru wangu bado namtia kwenye kikapu cha ukindu nilichokuja nacho kutoka Tanga.