Elimu ya Gesijoto Ianzie kwenye Kopo la Mkaa

Imekuwa ada katika nchi yetu kwamba mabadiliko ya tabianchi hujadiliwa kwenye kumbi za hoteli, kwa lugha ya kitaalamu, mbele ya watu waliofika kwa magari makubwa. Kisha hoja hizo huteremshwa mitaani na vijijini kwa mtindo wa maagizo: pandeni miti, acheni mkaa, tunzeni mazingira. Mwananchi husikiliza, hupiga makofi, halafu hurudi nyumbani akawasha jiko lake kama alivyoliwasha jana. Mtoa mada naye huandika katika ripoti yake kwamba jamii bado ina "uelewa mdogo".

Nimeisoma kauli hiyo mara nyingi mno, na kila ninapoisoma hujiuliza ni nani hasa mwenye uelewa mdogo. Mkulima wa Same hahitaji semina ili ajue kwamba mvua zimebadilika. Amekwisha kupanda mara mbili katika msimu mmoja baada ya mbegu ya kwanza kukauka ardhini. Mvuvi wa Kilwa hahitaji ramani ili ajue kwamba bahari inakula ufukwe. Wanalolihitaji ni mambo mawili: kuelezwa uhusiano uliopo kati ya maisha ya kila siku na hali hiyo, na kuoneshwa njia mbadala ambayo mfuko wao unaweza kuibeba. La kwanza tunalifanya nusunusu. La pili tumelikwepa kabisa.

Hoja yangu katika makala haya ni moja. Watu wetu hawaung'ang'anii mkaa kwa sababu ya ujinga. Wanaung'ang'ania kwa sababu ndiyo nishati inayouzwa kwa kipimo cha kipato chao. Elimu ya gesijoto isiyoigusa hesabu hiyo ni mahubiri tu.

Tuanze na maarifa yenyewe, maana nayo yana nafasi yake. Mwanga wa jua hupenya angahewa na kuipasha ardhi moto, na ardhi huurudisha ule moto juu kama joto. Baadhi ya gesi zilizomo hewani hulinasa joto hilo lisitoroke lote. Bila gesi hizo dunia ingekuwa baridi kiasi cha kutokalika. Balaa limeletwa na wingi wake. Iliyo kuu ni kaboni dioksidi, tunayoiita hewa ukaa, inayotokana na kuchoma mafuta, makaa ya mawe na gesi, na pia na kufyeka misitu. Ipo methani, itokayo matumboni mwa ng'ombe, katika mashamba ya mpunga yaliyojaa maji na katika madampo yetu ambako maganda ya ndizi na mabaki ya ugali huoza bila hewa. Kilo moja ya methani hunasa joto takribani mara 28 ya kilo moja ya hewa ukaa kwa kipindi cha miaka 100. Na ipo oksidi ya nitrasi, itokayo zaidi katika mbolea za viwandani.

Hapa wanafunzi wangu huuliza swali ambalo ni la haki: kwa nini sisi? Bara zima la Afrika linatoa chini ya asilimia 4 ya hewa ukaa ya dunia itokanayo na nishati na viwanda. Mama anayepika uji kwa mafiga matatu kule Kibondo hakuijenga mitambo ya makaa ya mawe ya Ulaya, Marekani wala China. Kumhubiria yeye kuhusu kuiokoa dunia ni kumbebesha deni asilolikopa. Nakubaliana na wanafunzi hao bila kusita, na katika meza za kimataifa viongozi wetu wana wajibu wa kulidai deni hilo bila aibu.

Lakini kutokuwa na hatia si sawa na kutokuwa na maslahi. Serikali yetu imekuwa ikitaja vifo takribani 33,000 kwa mwaka vinavyohusishwa na moshi na hewa chafu ya jikoni. Misitu yetu imekuwa ikipotea kwa kasi ya karibu hekta 470,000 kwa mwaka, kwa mujibu wa makadirio yaliyowasilishwa kimataifa na nchi yenyewe. Tukiacha mkaa, tutauacha kwanza kwa ajili ya mapafu ya wake zetu, mama zetu na watoto wetu, na kwa ajili ya vyanzo vyetu vya maji. Faida ya dunia itafuata nyuma.

Mkaa una siri ambayo elimu yetu haijaieleza vya kutosha. Jikoni hautoi moshi mwingi kama kuni, kwa hiyo wakazi wengi wa mijini huuona kuwa hatua moja mbele ya kuni. Ukweli ni kwamba moshi wake umebaki porini. Katika tanuri la udongo la asili, huhitajika kilo 5 hadi 10 za kuni kupata kilo moja ya mkaa. Sehemu kubwa ya kilichobaki hupanda hewani ikiwa gesi, methani ikiwemo. Anayenunua gunia Tandale au Buguruni ananunua pia moshi uliokwisha kufuka Kilosa, Handeni au Kilwa. Tena jiko la mkaa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua watu waliolala na jiko ndani usiku wa baridi.

Ni haki pia kusema wazi kwamba mkaa si mkosaji pekee wa misitu. Kilimo cha kuhamahama na upanuzi wa mashamba ndivyo vinavyoondoa miti kwa kiwango kikubwa zaidi. Mti uliokatwa vizuri na kisiki kikaachwa huchipua na kuirudisha kaboni. Mti uliokatwa kisha ardhi ikawa shamba haurudi. Mwananchi mwenye akili timamu anastahili kuelezwa tofauti hiyo, badala ya kufundishwa kwamba kila mchoma mkaa ni adui wa taifa.

Sasa twende kwenye hesabu. Kibarua wa Mbagala hulipwa kwa siku, na hula kwa siku. Kwa fedha ya siku hiyo, dukani kwa Mangi hupata kopo la mkaa, mafuta ya kupikia ya kupimiwa na nyanya za fungu. Mtungi mdogo wa gesi wa kilo 6 hujazwa kwa zaidi ya shilingi 20,000, kwa mkupuo. Ukigawanya kwa siku, huenda gesi ikawa nafuu kuliko mkaa; lakini maskini hana fursa ya kugawanya, kwa sababu hizo 20,000 hazijawahi kulala pamoja mfukoni mwake. Ndiyo maana mitungi inayogawiwa bure kwenye mikutano ya hadhara, gesi ya kwanza ikiisha, hugeuka kigoda cha kukalia. Aliyegawa alidhani tatizo ni mtungi, kumbe tatizo ni kujaza.

Ajabu ni kwamba ipo nishati nyingine inayouzwa kwa mtindo uleule wa kopo, nayo ni umeme wa LUKU. Mtu hununua uniti za fedha aliyonayo, kwa simu, hata usiku wa manane. Na umeme huo sasa tunao: Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji lina uwezo wa megawati 2,115, na chanzo chake ni maji, si makaa ya mawe. Mbona basi watu hawaupikii? Kwa sababu wameonja jiko la koili, ambalo hula uniti kama moto wa kiangazi, wakahitimisha kwamba umeme wote ni ghali. Jiko la umeme la presha ni kitu kingine kabisa. Huchemsha maharage ya familia kwa chini ya uniti moja. Mteja wa nyumbani wa matumizi madogo, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, amekuwa akilipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Linganisha na makopo ya mkaa yanayohitajika kuivisha sufuria hiyohiyo. Hiyo ndiyo elimu ya gesijoto inayosikika, kwa kuwa inazungumza lugha ya sokoni.

Hata hivyo, watumishi wa umma wanaonisoma watazame kilichojificha hapo. Mteja huyo akivuka uniti 75, zile za ziada hutozwa shilingi 350. Maana yake ni kwamba familia iliyoitikia wito, ikaacha mkaa na kuanza kupikia umeme, ndiyo iliyo katika hatari ya kuvuka mstari na kuadhibiwa kwa utii wake. Mkono mmoja wa Serikali unamwita, mwingine unamsukuma. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa Mei 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo 2034. Lengo ni jema, lakini halitafikiwa kwa matamko huku bei zikisema kinyume chake. Uniti za kupikia zitafutiwe bei yake, na majiko yakopeshwe na kulipwa kidogo kidogo pamoja na LUKU.

Historia yetu wenyewe ina mafunzo mawili juu ya kubadili tabia. Mwanzoni mwa 2006 biashara ya mkaa ilipigwa marufuku. Bei ilipanda, kelele zikasikika mijini, na marufuku haikudumu, kwa sababu jioni ile watu walitakiwa kula na hapakuwa na kitu kingine cha kupikia. Juni 1, 2019 mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku, na kwa sehemu kubwa tukaiacha. Hatukuwa tumeelimika ghafla kuliko 2006. Ni kwamba mfuko mbadala ulikuwapo sokoni kwa mamia ya shilingi, na sheria ikamhusu kila mtu, muuza mchicha na mwenye supamaketi. Mbadala wa bei ya mwananchi pamoja na sheria isiyobagua: viwili hivyo ndivyo vilivyofanya kazi.

Wala tusimsahau aliye upande wa pili wa gunia. Mchoma mkaa naye ana watoto shuleni. Katika baadhi ya vijiji vya Kilosa, mashirika ya uhifadhi na serikali za vijiji yalijaribu njia ya tofauti: sehemu ndogo ya msitu wa kijiji hutengwa, huvunwa kwa zamu, visiki huachwa vichipue, na ushuru hubaki kijijini kujenga madarasa na kuchimba visima. Kijiji kinachopata darasa kutokana na msitu kina sababu ya kuulinda kuliko kijiji kinachopata tu askari wa doria. Hadi siku ambayo jiji halitahitaji mkaa, njia kama hiyo ina heshima zaidi kuliko kuwavizia vijana wa baiskeli barabarani na kuwamwagia magunia.

Na mabadiliko haya yaanzie juu. Taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziliagizwa kuacha kuni na mkaa kufikia mwisho wa Januari 2024. Kila mwanafunzi anayesoma hapa aende nyuma ya bwalo la chuo chake atazame kinachowaka. Kila mtumishi aangalie viyoyozi vinavyonguruma madirisha yakiwa wazi, na misafara ya magari kumi kwenda kuzindua upandaji wa miti kumi. Mwananchi si mjinga; huona. Hawezi kuamini kwamba kopo lake moja la mkaa ndilo linaloichoma dunia ilhali aliyekuja kumwambia hivyo ameacha injini ikinguruma nje kwa saa mbili.

Wanafunzi, nendeni na mizani na daftari, si na mabango. Pimeni na mama lishe mkaa wake wa wiki, mpigieni hesabu mbele yake, kisha mwacheni aamue. Wanaharakati, daini bei na mikopo ya majiko kwa nguvu ileile mnayoitumia kudai miti ipandwe. Watumishi wa umma, kabla ya kuandika tena "uelewa mdogo" katika ripoti, andikeni kwanza mwananchi huyo anapata shilingi ngapi kwa siku, na nishati mnayomtaka aitumie inauzwa kwa kipimo gani.