Ithibati, Cheti na Leseni: Somo la Tiba Burudani kwa Huduma za Utengamao

Na Mwandishi Wetu

Mgonjwa wa kiharusi anapovuka hatari ya kifo, sehemu ndefu ya matibabu yake huwa ndiyo kwanza inaanza. Mkono uliolegea hauna budi kufundishwa upya kushika kijiko, ulimi kurejeshewa matamshi, na mtu mwenyewe kurudishwa katika shughuli zilizoyapa maisha yake maana. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa watu bilioni 2.4 duniani wana hali za kiafya ambazo zingeweza kupata nafuu kupitia huduma za utengamao. Mwezi Mei 2023, Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuzitaka nchi wanachama kuimarisha huduma hizo ndani ya mifumo yao ya afya.

Azimio hilo linaiachia kila nchi swali moja zito: ni nani anayeruhusiwa kutoa huduma hizo, na mwananchi atamtambuaje?

Katika kulijibu, mambo matatu huchanganywa mara kwa mara. Ithibati hutolewa kwa chuo au programu ya masomo, kuthibitisha kuwa mafunzo yanafikia viwango. Cheti cha umahiri hutolewa kwa mtu binafsi aliyefaulu mtihani wa taaluma yake. Usajili na leseni hutolewa na mamlaka iliyoundwa kwa sheria, na ndivyo vinavyompa mtaalamu haki ya kumhudumia mgonjwa, na vilevile vinavyompa mgonjwa mahali pa kupeleka malalamiko. Kupata kimoja si kupata vyote.

Mfano ulio wazi wa tofauti hiyo ni taaluma ya tiba burudani nchini Marekani. Wataalamu wake hutumia michezo, muziki, sanaa, bustani na kuogelea kama nyenzo za matibabu. Shughuli hizo hupangwa baada ya mgonjwa kupimwa uwezo wake, huwekewa lengo, kisha matokeo huandikwa katika jalada lake. Mgonjwa anayeotesha miche kwa mkono uliopooza hafanyi hivyo kwa kupitisha muda. Anarudisha nguvu ya vidole, umakini na kujiamini. Hapo ndipo tiba burudani inapotofautiana na burudani ya kawaida ya wodini.

Taaluma hiyo imejengewa misingi kwa muda mrefu. Baraza la Taifa la Uthibitishaji wa wataalamu wake, NCTRC, lilianzishwa mwaka 1981. Njia ya kawaida ya kupata cheti chake ni kuwa na shahada, kukamilisha mafunzo kwa vitendo ya angalau wiki 14 na saa 560, kisha kufaulu mtihani. Cheti hicho huhuishwa kila baada ya miaka 5.

Pamoja na hayo, taaluma ilisumbuliwa na mgawanyiko wa ndani. Chama cha NTRS, kilichoundwa mwaka 1966, kilikuwa chini ya jumuiya ya taifa ya wataalamu wa bustani za umma na burudani. Mwaka 1984 kikaundwa chama kingine, ATRA, kwa msimamo kwamba kazi hiyo ni tiba na mahali pake ni sekta ya afya. Mvutano huo umeacha alama hata katika ithibati: zipo programu zilizopitia chombo cha fani za burudani na bustani, na zipo zilizopitia chombo cha fani za afya.

Upande wa leseni, mafanikio ni madogo zaidi. Marekani haina leseni moja ya taifa kwa taaluma hiyo. Kila jimbo huamua lenyewe. Majimbo yaliyotunga sheria ya kutoa leseni ni machache, yakiwemo Utah, North Carolina, New Hampshire na Oklahoma. Katika majimbo mengi yaliyobaki, cheti cha taaluma ni sifa anayoweza kuitaka mwajiri, lakini si sharti la kisheria la kufanya kazi.

Pigo kubwa, hata hivyo, lilitoka kwa mlipaji. Bima ya serikali ya Medicare, inayowahudumia hasa wazee, huitaka hospitali ya utengamao kumpatia mgonjwa aliyelazwa, kwa kawaida, tiba ya saa 3 kwa siku, siku 5 kwa wiki. Kwa kanuni zilizoanza kutumika Januari 2010, tiba zinazohesabiwa katika saa hizo ni fiziotherapia, tiba kazi, tiba ya usemi na lugha, pamoja na huduma za viungo bandia na vifaa saidizi vya viungo. Tiba burudani haikupigwa marufuku, lakini dakika zake hazihesabiwi. Matokeo yake, hospitali inayoitoa hubeba gharama bila kutimiza sharti la mlipaji, na uongozi hukosa sababu ya kuajiri. Mtaalamu anabaki na cheti halali; mgonjwa anakosa huduma.

Somo hili linaigusa Tanzania. Kwa hapa nchini, kazi zinazofanana na za tiba burudani kwa kawaida huangukia ndani ya tiba kazi, fiziotherapia, huduma za afya ya akili na ustawi wa jamii. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) na Baraza la NACTVET husimamia ubora wa vyuo. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya mwaka 2017 iliwaweka wataalamu wa afya shirikishi chini ya Baraza la Madaktari Tanganyika, sambamba na madaktari na madaktari wa meno. Zanzibar ina utaratibu wake.

Viwango vya kimataifa navyo vina nafasi yake. Shirikisho la Dunia la Wataalamu wa Tiba Kazi (WFOT) huitaka programu inayotaka kutambuliwa nalo kumpatia mwanafunzi angalau saa 1,000 za mafunzo kwa vitendo. Kwa mzazi anayemlipia mtoto ada, hilo ni jambo la kuuliza chuoni kabla ya kulipa. Aidha, mhitimu aliyesoma nje ya nchi anapaswa kuelewa kuwa TCU ikiitambua shahada yake, imethibitisha elimu yake tu. Haki ya kumgusa mgonjwa hutoka kwa baraza la taaluma.

Suala la malipo ndilo linalohitaji kuangaliwa mapema. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imeweka msingi wa kila mwananchi kuwa na bima. Katika mfumo wa aina hiyo, huduma isiyomo kwenye kitita cha mafao humrudia mgonjwa mfukoni, hata kama mtoa huduma amesajiliwa. Kwa hiyo vyama vya kitaaluma vya utengamao vina wajibu wa kuonesha kwa takwimu matokeo ya kazi zao, ili maamuzi kuhusu mafao yafanywe kwa ushahidi. Wenzao wa Marekani walijifunza kwamba mlipaji hasubiri taaluma imalize kubishana.

Kwa mwananchi, hatua ya kwanza ni nyepesi. Kabla ya kumkabidhi mtu mgonjwa mwenye jeraha la uti wa mgongo au mtoto mwenye mtindio wa ubongo, aulize jina kamili la mtoa huduma, kada yake, namba ya usajili na baraza lililomsajili. Watoa tiba asili nao wana baraza lao, lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2002. Mtaalamu wa kweli hatachukizwa na swali hilo. Anayelikwepa amempa familia sababu ya kutosha ya kumpeleka mgonjwa wao kwingine, na ya kutoa taarifa kwa mamlaka husika.