Kikaushio Kuukuu Kina Haki ya Fundi
Mashine ya kukaushia nguo iliyoundwa Marekani miaka ya 1970 haina siri: mota huzungusha pipa kwa mkanda, feni huvuta hewa, koili huipasha moto, na swichi huikatia koili umeme joto likizidi. Ikigoma, mara nyingi kosa ni mkanda uliokatika au koili iliyoungua, vipuri vya bei ndogo mno kuliko mashine mpya. Watasema inakula umeme. Kweli, zile za pampu ya joto hula kidogo. Lakini mpya za koili hazitofautiani nayo sana, maana maji ni yale yale na lazima yageuke mvuke. Hofu ya moto ina uzito zaidi, ila kinachowaka aghalabu ni nyuzinyuzi zilizojazana kwenye bomba la kutolea hewa, na bomba la mashine mpya nalo hujaa.