Fumbo si Kitendawili

Kila mtoto wa pwani aijua kanuni ya vitendawili: aliyeshindwa kujibu hutoa mji, na mtegaji akisha kuupokea hutoa jibu. Jibu likitoka, kitendawili kimekwisha, hutegwa kingine. Fumbo halina desturi hiyo. Hufumbuliwa leo, likafumbuliwa tena kesho, na kila alifumbuaye huondoka na fungu lake. Wapenzi wa ushairi hawana haja ya kufundishwa tofauti hii. Nairejea kwa kuwa naiona ikikanyagwa na watu wenye akili kali kabisa, nao ni wale waifasirio hadithi ya Silent Hill.

Asishangae msomaji kuikuta michezo ya video katika kurasa hizi. Penye hadithi na mfasiri, sisi tuna la kusema.

Silent Hill ni mfululizo wa michezo ya kutisha ulioanzishwa na kampuni ya Konami ya Japani mwaka 1999. Mchezo wa pili, wa mwaka 2001, ndio nitakaoushughulikia zaidi. James Sunderland apokea barua ya mkewe, Mary, ambaye kwa maneno yake James alikufa kwa maradhi miaka mitatu nyuma. Barua yamwita katika mji uliogubikwa na ukungu. Humo akutana na Maria, aliyefanana na marehemu kwa sura lakini si kwa mwenendo. Akutana pia na madude yasiyo na uso, na jitu lenye kichwa cha chuma cha pembe tatu limwandamalo kila aendako. Mwishowe, katika chumba cha hoteli, kanda ya video yamwonyesha jambo alilojificha nalo: yeye ndiye aliyembana mkewe pumzi kwa mto wa kulalia. Na ile barua, msomaji akiitazama tena na tena, huona maandishi yake yamefutika.

Sasa lipo kundi lishikilialo kwamba jibu limepatikana. James, wasema, amenaswa katika mzunguko: miisho yote ya mchezo imekwisha kumpata, na kila mwisho humrudisha mwanzo. Ushahidi wao ni maiti zifananazo naye zilizomo mjini, na juu ya hizo, picha zilizotawanywa katika toleo jipya la mchezo huo, lililotengenezwa na studio ya Bloober Team ya Poland na kutolewa mwaka 2024. Wachezaji walipozihesabu alama zilizomo katika picha hizo wakapata sentensi imwambiayo mtu kwamba yumo humo kwa miongo miwili. Basi, wasema, mabishano yamekwisha.

Hayajakwisha hata kidogo. Toleo la 2024 ni sharhi iliyoandikwa kwa mikono mingine baada ya miaka 23, na sharhi, hata iwe nzuri kiasi gani, haina mamlaka ya kuifunga matini. Tena sentensi yenyewe haimtaji James. Toka 2001 hadi 2024 ni miongo miwili na ushei: nani aliyekuwamo mjini muda wote huo, ikiwa si mchezaji mwenyewe? Walichokiita jibu ni fumbo jingine.

Lakini kosa lao kubwa liko penginepo. Miisho ya mchezo huu haichaguliwi kwa kubonyeza ndiyo au la. Mchezo humwangalia mchezaji kimya kimya tangu mwanzo. Je, huitibu miili ya majeraha, au huacha damu itoke? Huitazama picha ya mkewe? Huchungulia kisu alichokabidhiwa na Angela, binti aliyetaka kujiua? Humkaribia Maria na kurudi kumjulia hali, au humwacha? Kutokana na hayo, James huondoka mjini na mtoto Laura, au hujitosa ziwani, au huondoka na Maria aliyekwisha kuanza kukohoa. Huku ndiko kusomwa na hadithi uisomayo. Sasa akija mtu akasema kwamba yote yametokea kwa zamu, amekwisha kukuondolea dhamana ya ulivyotenda.

Wapo pia wasemao kwamba ukweli utapatikana tukiirudia asili ya Kijapani. Mimi ni mfasiri, na hili lanihusu. Hiroyuki Owaku aliuandika mchezo kwa Kijapani. Jeremy Blaustein akautia katika Kiingereza. Na sauti za wahusika zikarekodiwa kwa Kiingereza, hata mchezaji wa Japani akawa asikia lugha moja na kusoma nyingine. Asili yenyewe ilizaliwa na ndimi mbili. Atafutaye neno moja la kukata shauri hatalipata huko.

Nisieleweke kwamba kila aotalo mtu ni tafsiri. Fumbo lina mipaka yake. Kwamba James alimwua Mary, halina mjadala. Kwamba Laura, mtoto wa miaka minane, apita katika mji uleule pasipo kuogopa dude lolote, halina mjadala. Asiyeliweka hilo katika hesabu yake hajasoma. Katika mchezo wa tatu, wa mwaka 2003, mhusika mmoja amwuliza mwenziwe iwapo yale aliyoyaua aliyaona kuwa ni madude, kisha asema alikuwa akitania. Utani huo hauturuhusu kusema lolote tutakalo. Watulazimisha kuuliza ni jicho la nani tutazamalo kwalo.

Lililobaki wazi ni moja, nalo ndilo zito: kwa nini alimwua? James mwenyewe, akikabiliana na Mary mwishoni, asema hakuweza kustahimili mateso yake. Kisha ajikana, akakiri kwamba alimchukia na kwamba aliutaka uhai wake mwenyewe urudi. Yote mawili yametoka katika kinywa kimoja. Aliyepata kumwuguza mtu kwa miaka, akamwosha, akamlisha, akatukanwa naye kwa uchungu wa maradhi, ajua kwamba huruma na chuki zaweza kulala kitanda kimoja, na ajua pia kwamba mno wa wauguzaji hawakuua. Swali hilo halijibiwi kwa kuhesabu picha. Nadharia ya mzunguko yatwambia James amekuja mara ngapi. Haitwambii alipoushika ule mto aliushika kwa nia gani.

Wenye haraka ya jibu na watoe mji, wapewe. Sisi tuliosalia tuendelee kuuliza.