Usiyachubue Meno Yako

Wahenga walisema kwamba jino la pembe si dawa ya pengo. Walitaka kutuonya kuwa kitu cha asili kikipotea, badala yake, hata ipendeze namna gani, haiwezi kushika mahali pake. Methali hiyo ni ya zamani, lakini leo imepata kazi mpya; maana wako vijana wanaoyaharibu meno yao mazima kwa kutamani weupe waliouona katika picha.

Nilipata kufundisha shule moja katika Bonde la Ufa. Palikuwa na msichana hodari wa hesabu ambaye hakuthubutu kujibu swali kwa sauti. Jibu alikuwa nalo, lakini kinywa alikifunika kwa kiganja. Meno yake yalikuwa ya rangi ya kahawia, na wenzake waliotoka mbali walimcheka wakisema hapigi mswaki. Baadaye nilipata habari kuwa kila usiku aliyasugua kwa ndimu na mkaa uliosagwa. Meno hayakuwa meupe. Yalianza kumuuma kila anywapo maji baridi.

Nakuuliza, msomaji, mkosa hapa ni nani? Si yule msichana. Katika sehemu nyingi za Nakuru, Naivasha na Njoro, maji ya visima hupita katika miamba ya volkano na kuchukua madini ya floraidi. Shirika la Afya Duniani limeshauri kuwa maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita moja, na visima vingi vya huko huupita mpaka huo. Mtoto anayeyanywa kabla ya kutimiza miaka 8 hivi, meno yake yakingali yanaumbwa ndani ya ufizi, huota meno yenye madoa. Watu wa Colorado Springs, Marekani, walikuwa na madoa hayo hayo. Daktari wa meno Frederick McKay alianza kuyachunguza mwaka 1901, na sababu yake ikajulikana mwaka 1931: ni floraidi. Basi doa hilo si uchafu wala uvivu, na mwenye kulicheka anacheka asichokijua.

Sasa tazama ndimu na mkaa hufanya nini. Jino limevikwa gamba gumu liitwalo enameli, nalo ni gumu kuliko mfupa. Lakini ugumu huo una adui, naye ni asidi. Maji ya ndimu huyayeyusha madini ya gamba, kisha mkaa hulikwangua likiwa limelegea. Ngozi ikichubuka hupona, lakini enameli ikiisha hairudi tena. Chini yake kuna dentini, ambayo kwa asili ina rangi ya manjano. Kwa hiyo anayesugua ili apate weupe huufikia umanjano, na maumivu juu yake. Huo ndio uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi.

Utasema, “Mwalimu, mbona iko dawa ya kweli?” Naam, iko, nami sitaificha. Ni haidrojeni peroksaidi. Hupenya katika jino na kutoa oksijeni, na oksijeni hiyo huvunjavunja chembe zenye rangi, hata jino likaonekana jeupe zaidi. Lakini dawa hiyo haichagui. Ikigusa ufizi huuunguza. Ikiingia katika jino lililotoboka huleta maumivu makali. Na jino la bandia haligeuzi rangi kamwe, wala kizibo kilichomo katika jino lililozibwa. Madoa ya floraidi nayo pengine huyafifisha tu, kwa kuwa yamo ndani ya umbo la jino lenyewe. Umoja wa Ulaya uliamua mwaka 2011 kwamba dawa hizo zikipita asilimia 0.1 hadi asilimia 6 ziuzwe kwa madaktari wa meno tu, na zisitumiwe na mtu asiyetimiza miaka 18. Ikiwa wao wamewawekea vijana wao mpaka huo, kwa nini wewe uinunue sokoni katika chupa isiyo na maandishi, kutoka kwa mtu asiyeweza kukuambia ina nguvu kiasi gani?

Basi shika njia iliyo salama. Piga mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa ya kawaida, pasipo kukwaruza. Punguza soda na sukari, na tumbaku usiiguse. Ukiwa mtu mzima na ukataka meno meupe, mwendee daktari wa meno. Ayachunguze na kuyatibu mabovu kwanza, kisha akupimie dawa.

Lakini neno langu kubwa si dawa; ni maji. Kuyachemsha maji yenye floraidi hakusaidii, kwa sababu maji hupungua na madini hubaki. Maji ya mvua yanafaa, na mchujo wa mkaa wa mifupa, ambao umekwisha kutumiwa Nakuru, huipunguza floraidi. Ulizeni shuleni kwenu: kisima chetu kimepimwa? Swali hilo litamfaa ndugu yako mdogo kuliko chupa kumi za dawa ya weupe.

Na ukimwona mwenzako amefunika kinywa, usimcheke. Mwache acheke yeye, meno yote nje.