Wachora ramani wafundishwe ujenzi, si mashine tu

Wapo wanaosema kwamba kazi ya mchora ramani za majengo imefika ukingoni. Wanadai kuwa kompyuta imekwisha kumpokonya kalamu, na si muda mrefu itampokonya hata kiti. Madai hayo yana ukweli ndani yake, lakini yameacha nje ukweli mkubwa zaidi, ambao walimu na watumishi wa umma hawana budi kuutambua mapema.

Yafaa ikumbukwe jinsi kazi hiyo ilivyokuwa. Mchora ramani aliinama juu ya meza, akiwa na rula, pembetatu na kalamu ya wino. Alipokosea mstari, aliukwangua kwa wembe. Mwenye jengo alipotaka ukuta usogezwe, ilibidi ramani ya sakafu, mikato na sura za nje zote zirekebishwe, karatasi baada ya karatasi. Ndiyo sababu ofisi za usanifu ziliajiri vijana ambao kazi yao kubwa ilikuwa kunakili na kusafisha michoro ya wakubwa wao.

Mabadiliko hayakuja kwa siku moja. Mwaka 1963, huko Marekani, Ivan Sutherland alionyesha kwa programu yake ya Sketchpad kwamba mtu aweza kuchora juu ya kioo cha kompyuta. Mwishoni mwa mwaka 1982 ilitoka AutoCAD, iliyofaa kompyuta ndogo za mezani, na meza za kuchorea zikaanza kuondolewa maofisini. Baadaye zikaja programu kama Revit, ambazo hujenga mfano wa jengo zima: ukuta ukisogezwa, ramani, mikato na orodha ya vipimo hubadilika papo hapo. Leo zipo hata zile zinazopewa vipimo vya kiwanja na idadi ya vyumba, zikatoa mipangilio kadhaa kabla ya chai kupoa.

Ni dhahiri, basi, kwamba kinachokufa ni kazi ya kunakili. Kijana ambaye ujuzi wake wote ni kuchora alichoambiwa hana kinga, awe anatumia kalamu au kompyuta. Mafunzo yanayoishia katika kukariri amri za programu moja humwandaa kwa kazi ambayo toleo lijalo la programu hiyo hiyo huenda likaifanya lenyewe.

Lakini ujuzi wa ujenzi haukufa. Kompyuta huchora ukuta wa mita 4 bila kujua, isipoambiwa, kama kiwanja kina mteremko, maji ya mvua yataelekea wapi, au kama shimo la choo limekaribia mno kisima cha jirani. Ni mtu anayepaswa kukumbuka kwamba katika nchi iliyo karibu na Ikweta kama Tanzania, nyumba yenye pande ndefu zinazotazama kaskazini na kusini huepuka jua kali la asubuhi na la jioni. Wala mashine haitii sahihi. Sheria Na. 4 ya mwaka 2010 yataka wabunifu majengo wasajiliwe, kwa kuwa nyumba ikipasuka, anayeulizwa ni mtu.

Hakuna sababu ya kuzikataa kompyuta. Chuo kisichokuwa nazo kinawanyima wanafunzi wake riziki. Lililo muhimu ni utaratibu wa kufundisha. Mwaka 2024 baadhi ya shule za sekondari nchini zilianza mkondo wa amali, na mwaka 2027 ndio wa kidato cha nne kwa vijana walioingia kidato cha kwanza wakati huo. Mwalimu anayewafundisha uchoraji na awatoe darasani, wapime jengo la shule kwa utepe, waulize kwa nini kuta zake zimepata nyufa, walichore kwa mkono, ndipo wakae mbele ya kompyuta.

Ofisa wa halmashauri naye, anayepokea maombi ya vibali vya ujenzi, asiridhike na usafi wa karatasi iliyotoka katika mashine. Amwulize aliyeichora kama amekwenda kukiona kiwanja. Swali hilo likiulizwa kila siku katika kila halmashauri, mchora ramani anayejua ujenzi hatakosa kazi, na mwananchi aliyejinyima miaka mingi ili ajenge hatauziwa mchoro wa nyumba isiyofaa kiwanja chake.